Leseni hodhi na wiki moja ya Dodoma: kisa cha miswada ya madini ya 2017

Mwishoni mwa Juni 2017 wabunge walikuwa Dodoma tangu mwanzoni mwa Aprili. Walishapitia bajeti za wizara moja baada ya nyingine, bajeti kuu ilishapita, na mkutano ulikuwa umefika ukingoni. Hapo ndipo Serikali ilipoleta miswada mitatu mipya kuhusu maliasili, yote kwa hati ya dharura. Bunge likaongezewa siku. Jumatatu tarehe 3 Julai ikapita miwili. Jumanne ukapita wa tatu. Jumatano Bunge likaahirishwa, na kabla Julai haijafika nusu Rais John Magufuli alikuwa ameshaitia saini yote mitatu.

Tangu mbunge apokee karatasi mkononi hadi aulizwe ndiyo au siyo, hazikupita siku saba kamili.

Miswada hiyo ilibeba mambo mengi, na mengine nitayagusa tu. Ninachotaka kukifuata hatua kwa hatua ni kitu kimoja kidogo kilichokuwa ndani ya ule wa tatu, kitu ambacho miaka michache baadaye kilitutoa mamilioni ya dola. Kinaitwa leseni hodhi: leseni ya kulishikilia eneo lenye madini bila kulichimba kwa wakati huo.

Kwanza tukumbuke hali ilivyokuwa, maana bila hiyo mtu atadhani wabunge wale walikuwa wazembe tu. Machi mwaka huo Rais alizuia makinikia, yaani mchanga wenye mabaki ya dhahabu, shaba na fedha, yasisafirishwe nje. Makontena 277 yalikuwa yamezuiwa bandarini Dar es Salaam. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikawasilisha ripoti yake tarehe 24 Mei, na siku ileile Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Sospeter Muhongo, akapoteza kazi. Tarehe 12 Juni ikafuata kamati ya pili, ya Profesa Nehemiah Osoro. Ripoti zote mbili zilitangazwa moja kwa moja kwenye televisheni. Kwenye daladala, kwenye vijiwe vya kahawa, misikitini na makanisani, habari ilikuwa moja: tumeibiwa.

Na hasira ile ilikuwa na msingi. Watu wa Geita, Kahama na Tarime wameishi miaka mingi kando ya migodi mikubwa wakiona malori yanatoka na dhahabu huku wao wakichota maji kwenye madimbwi. Sheria ya Madini ya 1998 ilifungua milango kwa wawekezaji kwa masharti mepesi mno, na ile ya 2010 ilirekebisha sehemu tu. Kwa hiyo miswada ilipofika, aliyesimama kuomba muda wa kusoma alionekana anawatetea wezi. Neno “mabeberu” lilikuwa halijakauka mdomoni mwa mtu. Mbunge ana jimbo la kurudi kulielezea kura yake, na katika hali ile kusema “tusubiri mpaka Septemba” kulihitaji ujasiri ambao si kila mtu anao.

Naamini hapo ndipo kosa lilipoanzia: haki ya madai iligeuzwa kuwa sababu ya kutosoma.

Kanuni za Bunge letu hazikosi muda. Kwa utaratibu wa kawaida muswada hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali siku zisizopungua 21 kabla ya kusomwa mara ya kwanza. Kusomwa mara ya kwanza ni Katibu kutaja jina lake tu. Kisha unakwenda kwenye kamati, kamati inaita wadau, na kwa kawaida kusomwa mara ya pili hufanyika katika mkutano unaofuata. Hapo waziri anatoa hoja, kamati inatoa maoni, wabunge wanachangia, na Bunge linakaa kama Kamati ya Bunge Zima kupita ibara kwa ibara. Utaratibu huu ukifuatwa, mbunge wa Newala au wa Ngara anapata miezi ya kukaa na karatasi, kumpigia wakili anayemfahamu, kuuliza mwalimu wa chuo, kumsikiliza mchimbaji mdogo wa jimboni kwake. Hati ya dharura yenye saini ya Rais inaruhusu yote hayo yabanwe. Imewekwa kwa ajili ya jambo lisiloweza kungoja.

Tuziangalie karatasi zenyewe. Miswada miwili ya kwanza ilikuwa mifupi na mipya: mmoja juu ya mamlaka ya nchi kwa maliasili zake, wa pili juu ya kupitia upya mikataba yenye masharti hasi. Mtu anaweza kuisoma kwa usiku mmoja akaelewa inakotaka kwenda. Wa tatu ulikuwa wa aina nyingine kabisa: marekebisho ya sheria mbalimbali. Ulishika Sheria ya Madini, ya Petroli, ya Kodi ya Mapato, ya VAT na ya Bima kwa pamoja. Ndani yake mrabaha wa dhahabu, yaani malipo ambayo mchimbaji anailipa Serikali kwa madini anayoyatoa, ulipanda kutoka asilimia 4 hadi 6, Serikali ikapewa hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi bila kuzilipia, na ikaundwa Tume ya Madini.

Aliyewahi kushika muswada wa marekebisho anajua ugumu wake. Hausomeki peke yake. Unakutana na mstari wa namna hii: Sheria kuu inarekebishwa kwa kufuta kifungu fulani. Mwisho. Kilichofutwa hakimo. Lazima uwe na sheria yenyewe mkono wa pili, ufungue kifungu kile, usome kilikuwa kinampa nani haki gani, halafu utafute ndani ya sheria nzima vifungu vingine vinavyokitegemea. Kwa sheria moja hiyo ni kazi ya siku mbili za mtu mwenye utaalamu. Kwa sheria tano, ndani ya siku chache, huku vikao vinaendelea asubuhi na jioni, haiwezekani. Sisemi ni ngumu, nasema haiwezekani.

Ongeza lugha. Katiba yetu, ibara ya 67, inamtaka mgombea ubunge ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Au. Mbunge anayejua Kiswahili tu ni mbunge halali kabisa, na mjadala wote wa ukumbini ni wa Kiswahili. Lakini miaka ile sheria zetu ziliandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mahakamani. Mwishoni mwa muswada huwa kuna kurasa za “Madhumuni na Sababu” kwa Kiswahili, na kwa wabunge wengi huo ndio uliokuwa muswada waliousoma. Madhumuni na Sababu huandikwa na mwenye muswada. Yanakwambia anachokusudia. Yasiyokusudiwa hayamo, na mara nyingi ndiyo yanayokuja kutuumiza. Marekebisho ya sheria ya 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria yalikuwa na maana kubwa kwa jambo hili hili, ingawa watu wengi waliyachukulia kama suala la utamaduni.

Kuna tena karatasi inayoitwa jedwali la marekebisho. Hugawiwa wakati mambo yameshaiva: waziri analeta mabadiliko ya muswada wake mwenyewe, yanawekwa mezani kwa kila mbunge, na muda si mrefu Kamati ya Bunge Zima inaanza. Katibu anataja ibara, Mwenyekiti anahoji, wabunge wanajibu ndiyo. Ukifungua Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, ya muswada wowote utakuta sentensi ileile ikijirudia ukurasa baada ya ukurasa: “Ibara iliyotajwa hapo juu ilipitishwa na Kamati ya Bunge Zima bila mabadiliko yoyote.” Kila sentensi kama hiyo ni mahali ambapo mtu angeweza kusimama akauliza.

Sasa turudi kwenye leseni hodhi. Chini ya Sheria ya Madini ya 2010, kampuni yenye leseni ya utafutaji ikigundua mashapo yanayoweza kulipa, lakini kwa wakati ule haiwezi kuchimba, kwa sababu bei ya madini imeporomoka sokoni au kuna kikwazo cha kitaalamu, iliweza kuomba leseni ya kulishikilia eneo hilo. Ilikuwa ya muda usiozidi miaka mitano, ikihuishwa mara moja. Nikeli ya Ntaka Hill, wilayani Nachingwea, ilikuwa chini ya leseni hodhi. Madini adimu ya Wigu Hill mkoani Morogoro vilevile, na maeneo ya dhahabu kusini-magharibi mwa nchi.

Leseni hizi zilikuwa na wapinzani wenye hoja. Neno lenyewe linasema: kuhodhi. Kampuni inalikalia eneo miaka kumi, haichimbi, hailipi mrabaha, na kijana wa kijijini akiingia na sururu anaitwa mvamizi. Kuziondoa lilikuwa jambo la kujadiliwa kwa nguvu zote, na hata mimi ningependa mjadala ule ufanyike. Kilichotokea ni kwamba sheria mpya iliifuta aina hiyo ya leseni bila kuweka nyingine mahali pake. Swali ambalo mtu yeyote mwenye muda angeuliza ni la kawaida sana, tunaliuliza hata tunapobadilisha utaratibu wa vibanda sokoni: na waliokwisha kupewa? Watapewa muda wa kubadili? Watarudi kwenye leseni ya utafutaji? Watapelekwa kwenye leseni ya uchimbaji kwa masharti? Watalipwa?

Jibu lilikuja tarehe 10 Januari 2018, kwa kanuni, si kwa sheria. Kanuni za haki za madini zilizotungwa siku hiyo zilisema leseni hodhi zote zilizotolewa kabla ya tarehe ile zimefutwa na maeneo yamerudi serikalini. Kanuni hazipigiwi kura bungeni. Desemba 2019 Tume ya Madini ikatangaza zabuni ya kuyapa watu wengine maeneo yaleyale.

Naomba msomaji aitazame vizuri tarehe ile ya Januari. Bunge liliambiwa mwishoni mwa Juni kwamba jambo haliwezi kusubiri. Mkutano uliofuata wa Bunge ulianza tarehe 5 Septemba, yaani miezi miwili tu mbele. Lakini leseni hodhi zilizokuwa hai ziliendelea kuwa hai miezi sita baada ya sheria kupita, mpaka wizara ilipomaliza kuandika kanuni zake. Watendaji walipewa miezi sita kufikiria namna ya kutekeleza, ila waliochaguliwa na wananchi hawakupewa hata wiki mbili za kufikiria kama jambo lenyewe limekaa sawa. Hili linaniuma kuliko kiasi cha fedha kilichofuata.

Na fedha zilifuata. Kampuni tatu zilikwenda ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji, zikitumia mikataba ya kulinda uwekezaji ambayo Tanzania ilishasaini na Uingereza na Kanada. Hapa kuna jambo ambalo kusoma kwa utulivu kungelifichua: mmoja wa miswada yetu ulisema migogoro ya maliasili itaamuliwa hapa nchini, lakini mikataba ile ya kimataifa ilikuwa bado hai, na mwekezaji aliyelindwa nayo hakuhitaji ruhusa yetu kwenda nje.

Winshear Gold ya Kanada ililipwa dola milioni 30 mwezi Oktoba 2023, kwa makubaliano kabla ya hukumu. Indiana Resources na wenzake wa Ntaka Hill walikwenda mpaka mwisho: Julai 2023 wasuluhishi waliamua kwamba Tanzania iliwanyang’anya mradi kinyume cha sheria, wakapewa tuzo, yaani fidia, ya dola milioni 109.5. Serikali iliomba tuzo ibatilishwe, kisha Julai 2024 pande mbili zikakubaliana dola milioni 90. Novemba mwaka huohuo Montero, wa Wigu Hill, wakakubaliana na Serikali dola milioni 27.

Jumla ni dola milioni 147. Ukipiga kwa shilingi 2,500 kwa dola, ni zaidi ya shilingi bilioni 367, mbali na gharama za mawakili. Hatukupata kilo moja ya nikeli kwa fedha hizo.

Mtu wa upande wa pili ataniambia: lakini sheria zile zilituletea Twiga. Ni kweli, na sipendi kulipita haraka. Januari 2020 Serikali na kampuni ya dhahabu ya Barrick walisaini makubaliano kuhusu Twiga, kampuni yao ya ubia, Serikali ikiwa na asilimia 16, na Barrick ikakubali kulipa dola milioni 300 kumaliza mgogoro wa nyuma. Mrabaha wa asilimia 6 unaingia hazina mpaka leo. Sheria za 2017 zilibadilisha namna tunavyokaa mezani na kampuni kubwa, na sitamani turudi tulikotoka. Ila hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotegemea leseni hodhi kufutwa wiki ileile. Asilimia 16 ingeweza kupita Julai. Masharti hasi yangeweza kupita Julai. Yale marekebisho ya sheria tano yangegawanywa, mrabaha ukapita na mwaka mpya wa fedha, na leseni hodhi zikangoja Septemba kamati iwaite wenyewe waje waeleze. Dharura ya jambo moja ilibebeshwa mambo kumi yasiyo ya dharura.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Julai 2015, siku za mwisho za Bunge la Kumi, sheria za petroli na za mapato ya mafuta na gesi zilipita kwa hati ya dharura, na wabunge wa upinzani walioshikilia ziondolewe mezani walitolewa ukumbini. Jirani zetu wa Kenya nao wana kisa chao. Baada ya wachimba mawe 36 kuuawa Mandera tarehe 2 Desemba 2014, muswada wa marekebisho ya sheria za usalama ulikimbizwa bungeni, ukapita tarehe 18 katikati ya vurugu, ukasainiwa tarehe 19. Kanuni zao zinataka siku 14 za kuchapishwa kabla muswada haujaingia, lakini Bunge linaweza kuzipunguza, na lilizipunguza. Februari 2015 Mahakama Kuu ikavitupa nje vifungu vinane vya sheria ile, kikiwamo kilichoweka kikomo cha wakimbizi 150,000 wakati nchi ilikuwa tayari na mamia ya maelfu. Mle nako mtu mmoja mwenye nusu saa na idadi ya wakimbizi wa kambi ya Dadaab mkononi angeliona.

Watu wanapolalamika juu ya hati ya dharura, jibu la kawaida ni kwamba wabunge hata wakipewa mwezi hawasomi. Sikubaliani nalo. Mbunge mmoja mmoja anaweza asisome, lakini muda haumhusu yeye peke yake. Siku 21 za Gazeti la Serikali ni siku za chama cha wanasheria, za wahadhiri, za wachimbaji, za waandishi wa habari, za mtu aliyewahi kufanya kazi wizarani akajua kifungu kile kiliwekwa kwa nini. Hao ndio wanaosoma, na wao ndio wanaompigia mbunge simu kumwambia, mheshimiwa, hebu angalia hapa. Ukiufuta muda, simu hiyo haipigwi. Mwaka 2017 wadau waliitwa kwenye kamati, ni kweli, lakini waliitwa huku saa inakimbia, na waliomba waongezewe muda wasipewe.

Ningependa hati ya dharura ibaki, kwa sababu ipo siku nchi itaihitaji kweli. Lakini iandikwe sababu yake, kifungu kwa kifungu, na sababu hiyo isomwe ukumbini kabla ya kuhoji. Muswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali usiruhusiwe kabisa kupita kwa njia hiyo, kwa sababu hiyo ndiyo karatasi inayoficha mambo hata bila mwenyewe kukusudia. Na kifungu kinachofuta haki ambayo mtu anayo tayari mkononi kisihojiwe mpaka waziri aseme, kwa Kiswahili, kitampata nani na Serikali italipa kiasi gani ikishindwa kesi.

Kwa mujibu wa makubaliano, dola milioni 90 za Ntaka Hill zilipangwa kulipwa kwa mafungu: milioni 35 mwanzoni, milioni 25 mwezi Oktoba 2024, na milioni 30 za mwisho mwishoni mwa Machi 2025. Hiyo ni karibu miaka minane tangu jioni zile za Dodoma. Rais aliyetia saini alikuwa ameshafariki, na wabunge wengi walioitikia ndiyo hawakuwamo tena ukumbini kuulizwa.